Kumtengea mwenzio mpira: namna ya kuanzisha mapigishano ya tenisi yasiyokatika

Kwenye soka tunasema fulani kamtengea mwenzake mpira, kilichobaki ni kuupiga tu. Nyumbani tunasema chakula kimeshatengwa, maana yake kiko mbele yako, mahali pake, unanyoosha mkono. Mpira wa kwanza wa mazoezi ya tenisi unatakiwa uwe hivyo hivyo. Haupigwi kumshinda mtu. Unatengwa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu wawili wanaingia uwanjani baada ya sala ya alasiri, wana raketi nzuri na mipira sita. Mpira wa kwanza unanasa kwenye neti, wa pili unavuka mstari wa nyuma na kugonga uzio, wa tatu unamfika mwenziwe miguuni. Nusu saa inakwisha kwa kuokota. Wanaondoka wakiamini hawajui kurudisha mpira, na ukweli ni kwamba hawakupata mpira wa kurudisha. Anayetenga ndiye aliyeshika mazoezi ya wote wawili mkononi mwake. Kazi yenyewe mtu anaweza kuijua kwa wiki mbili tatu, hata kama kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzisha pointi, bado hakujamkaa.

Mpira uende wapi

Uwanja una urefu wa mita 23.77, na neti katikati ina kimo cha sentimita 91.4. Kutoka kwenye neti hadi mstari wa sevu ni mita 6.40, na kutoka mstari wa sevu hadi mstari wa nyuma ni mita 5.49. Hivyo vipande viwili vya mwisho ndivyo vya kukaa navyo kichwani. Mpira unaotengwa kutoka mstari wa nyuma wa upande wako unatakiwa uanguke kwenye kipande cha pili cha upande wa mwenzio, mita moja mpaka mbili kupita mstari wa sevu. Ukianguka hapo, yeye akiwa amesimama hatua moja nyuma ya mstari wake, utamfikia kiunoni au juu yake kidogo, na ataupiga bila kuhangaika. Ukianguka karibu na mstari wa nyuma, ama utamdundia miguuni ama itabidi akimbilie nyuma aupige ukiwa begani. Ukianguka ndani ya kiboksi cha sevu, yaani kile kipande kilicho kati ya neti na mstari wa sevu, atakuja mbele mbio, na atakachokurudishia kitakukuta hujajipanga.

Juu ya neti acha nafasi kubwa kuliko unavyodhani inahitajika. Kipimo rahisi ni raketi yenyewe, yenye urefu wa sentimita 68 hivi. Isimamishe wima juu ya utepe wa neti, kisha ongeza nusu ya raketi nyingine. Mpira wako upite hapo, yaani mita moja juu ya neti. Wanaoanza karibu wote wanaupitisha chini mno, kwa sababu wameona wachezaji kwenye televisheni wakiukwangua utepe. Wale wanapiga kwa nguvu na mzunguko mwingi. Wewe unatenga, na mpira wa pole ukipita chini utaanguka mfupi kila mara.

Upande nao una hesabu yake. Mwenzio anayetumia mkono wa kulia, akikuelekea, forihendi yake, yaani pigo la upande wa mkono wenye raketi, iko upande wa kushoto kwako. Usimpelekee kifuani. Lenga mita moja pembeni mwa mwili wake, upande wa mkono wenye raketi, ili apige hatua moja tu ya kujipanga. Kama ni wa mkono wa kushoto, geuza. Ni jambo dogo, lakini muulize kabla ya kuanza, maana wengi wanalikumbuka mpira ukiwa umeshamgonga mtu mbavuni.

Kuachia: nusu ya kazi iko hapa

Mpira unaotengwa vibaya mara nyingi umeharibika kabla raketi haijaugusa. Umeachiwa mahali tofauti na pale ulipoachiwa uliotangulia. Kwa hiyo jifunze kuachia kwanza, na raketi iwe imelala chini.

Simama ubavu, bega la mkono usio na raketi likielekea neti. Kwa wa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio wa mbele. Shika mpira kwa vidole vitatu au vinne, si kwa kiganja, kwa sababu mpira uliokaa kiganjani hutoka ukiwa unazunguka. Nyoosha mkono mbele yako usawa wa kifua, kisha fungua vidole. Basi. Usiutupe juu, usiusukume chini. Fungua tu, kama anayeachia jiwe kisimani.

Mpira mzima, kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ukiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu unatakiwa urudi sentimita 135 mpaka 147, yaani zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo ukiuachia kutoka kifuani, tuseme sentimita 120, utapanda mpaka 65 hivi, katikati ya paja. Hapo ndipo pa kuupigia. Tangu vidole vifunguke mpaka mpira ufike kileleni mwa mdundo wake inapita karibu sekunde nzima. Sekunde nzima ni muda mwingi. Anayekurupuka na kuuwahi ukiwa bado unapanda haraka anajinyima muda aliopewa bure, na kila mpira ataukuta kwenye kimo kingine.

Kupata mahali pa kuachia, chukua raketi uinyooshe kama unayepiga forihendi, kiwiko kikiwa kimelegea kidogo. Tazama katikati ya nyuzi, kisha shusha jicho mpaka chini. Hapo pawe mbele kidogo ya usawa wa mguu wa mbele, kuelekea neti. Chora duara la ukubwa wa sahani ya wali kwa chaki au kipande cha mkaa. Weka raketi pembeni na achia mipira 20. Hesabu mingapi imetua ndani ya duara na kupanda wima. Isipofika 18, rudia. Zoezi hili halina raha hata kidogo, wala hakuna anayelipenda, lakini ndilo linalotofautisha anayetenga kwa bahati na anayetenga kwa mazoea.

Saruji ya zamani yenye nyufa, na mchanga unaoletwa na upepo, huugeuza mdundo. Fagia pale utakaposimama. Kama uwanja wote umechakaa, tumia njia ya pili: achia mpira uupige kabla haujagusa chini, ukiwa unapita usawa wa paja. Makocha wengi hufanya hivyo wanapotoa mipira mingi mfululizo. Inahitaji mkono uliotulia zaidi, kwa hiyo anza na ya kudundisha, na hii uijie baadaye.

Raketi na mkono

Simamisha raketi ikiwa ubavu, ukingo wa fremu ukitazama chini, kisha upe mpini mkono kama unayesalimiana nao. Mshiko huo unatosha. Nguvu ya kushika iwe ile unayomshika nayo mtoto mdogo mnapovuka barabara ya Darajani, mjini Unguja: hachomoki, wala haumii. Ukikaza, mkono wote mpaka begani unakuwa gogo, na mpira unatoka kwa kasi usiyoichagua.

Raketi iende nyuma kwanza, kabla hujaachia mpira. Huu ndio utaratibu unaosahauliwa kuliko wote. Mtu anaachia, kisha anakumbuka kuvuta raketi, anachelewa, anaupiga kwa kuchezesha kifundo cha mkono. Wewe vuta, tulia, ndipo uachie. Na usivute mbali, kichwa cha raketi kisipite sana nyonga ya nyuma. Kasi unayoitaka ni ndogo, na mvuto mfupi una nafasi chache za kukosea.

Kutoka hapo raketi itoke chini kidogo ya mpira, iende mbele na juu, imalizie usawa wa bega ikielekea kule ulikolenga. Uso wa nyuzi uwe umefunguka kidogo mno, kana kwamba unataka kumwonyesha mwenzio kilichoandikwa juu yake. Kifundo cha mkono kisifanye kazi yoyote. Jisemee kimoyomoyo: "Achia... peleka." Neno la pili lisemwe polepole, mpaka raketi isimame. Ukiona raketi yako inakatiza ghafla baada ya kugusa mpira, ndiyo maana mingine inakwenda ndefu na mingine mifupi.

Macho yabaki pale mpira ulipogusana na nyuzi mpaka usikie mlio. Hamu ya kutazama umeangukia wapi ni kubwa, nayo huinua kichwa, kichwa huinua bega, bega huinua raketi, na mpira unapigwa kwa ukingo wa fremu.

Anza karibu

Usianze kwenye mstari wa nyuma. Nyote wawili simameni kwenye mistari ya sevu, mita 12.8 baina yenu. Tenga mpira wa pole sana, upite nusu mita juu ya neti na udunde katikati ya kiboksi, mita tatu au nne kutoka kwenye neti. Hapo raketi inasogea kidogo tu, kama mtu anayesukuma mlango. Mkishafikisha mapigo 10 mfululizo mara tatu, rudini hatua mbili nyuma. Kipimo chako wewe mtengaji ni 8 kati ya 10: mipira minane ikitua unapotaka, rudi nyuma. Ikipungua, baki hapo hapo, hata siku nzima.

Ukiwa peke yako, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa inachukua mipira 60 mpaka 70, ingawa 30 inatosha. Kapu la ukili ni jepesi zaidi na linapitisha hewa, mipira haichachi ndani. Kwa shabaha, tandika doti la kanga kuukuu ambalo halijakatwa, lilale mapana ya uwanja, kati ya mita moja na mbili kupita mstari wa sevu. Doti lina urefu wa mita tatu hivi na upana wa zaidi ya mita moja, sawasawa na eneo ulilopewa. Ligandamize pembe kwa mawe madogo. Liondoe kabla mwenzio hajaingia, maana kanga juu ya saruji inateleza vibaya sana. Mkiwa wawili, chora mstatili wa ukubwa huo kwa chaki.

Tenga 10, pumzika, andika ilitua mingapi. Mizunguko mitatu kwa siku, siku nne kwa wiki, inatosha. Ukipita mipira 50 mkono unachoka na unaanza kujifunza makosa.

Kosa linatoka wapi

Mpira ukinasa kwenye neti, tazama kwanza kimo ulichoupigia. Mara nyingi umeusubiri mpaka ukashuka chini ya goti, au umeuachia karibu na mwili ukakosa nafasi ya kunyoosha mkono. Mara chache sana tatizo ni uhaba wa nguvu, na anayeongeza nguvu hupeleka mpira unaofuata kwenye uzio.

Ukienda mrefu, uliurusha juu badala ya kuuachia, ukadunda mpaka tumboni, ukaupiga kutoka juu na uso umefunguka. Au kifundo cha mkono kimecheza.

Kwa wa mkono wa kulia, mpira ukikimbilia kulia umechelewa: ulidundia nyuma ya mguu wa mbele. Ukikimbilia kushoto, umeuachia mbali sana mbele na raketi imezunguka kuutafuta. Kwa vyovyote vile usirekebishe raketi. Rekebisha mahali pa kuachia, rudi kwenye lile duara la sahani.

Halafu kuna mtengaji ambaye mpira wake ni mzuri lakini mwenzake hajawahi kuwa tayari. Hili ni kosa kamili, si adabu tu. Mtazame. Inua mpira aone. Sema "haya" au "twende". Subiri mpaka raketi yake iwe mbele na miguu yake iwe hai, ndipo uachie. Mpira ukikatika, vuta pumzi moja kabla ya kutenga mwingine, maana haraka ya mtu aliyeudhika na kosa lake huzaa kosa la pili.

Ukishatenga, kazi yako ya utengaji imekwisha na umekuwa mchezaji. Rudi katikati, raketi mbele, na mwenzio anapopiga, ruka kidogo kwa ncha za miguu ili uweze kwenda upande wowote. Wengi hutenga vizuri kisha husimama kuutazama mpira wao, na jibu likija linawakuta wamenyooka kama nguzo.

Kuwa na mipira miwili tu kwako: mmoja mkononi, mmoja mfukoni. Iliyobaki ikae kwenye ndoo, na ndoo iwe kwenye uzio, si nyuma ya visigino vyako. Mpira uliolala uwanjani hugeuza kifundo cha mguu kwa sekunde moja. Ukiona mmoja unabingirika kuja kwenu, paza sauti "mpira!" na simamisheni mchezo.

Upepo wetu

Anayejua viwanja vya Maisara, hapa Unguja, wakati wa alasiri anajua kuwa bahari haimwachi mtu acheze peke yake. Kaskazi huvuma Disemba mpaka Machi kutoka kaskazini mashariki. Kusi hushika kati ya mwaka, na Juni mpaka Agosti huwa na nguvu hasa. Huko Pemba vilima na minazi huukata upepo, lakini uwanja ulio wazi unaupata vilevile.

Upepo ukiwa mgongoni mwako, shusha njia ya mpira: nusu mita juu ya neti, na ulenge mstari wa sevu wenyewe, upepo utaongeza uliobaki. Ukikupiga usoni, pandisha mpira na ulenge mita moja ndani zaidi, kwa kurefusha mwendo wa raketi mbele, si kwa kupiga kwa hasira. Wa ubavuni, lenga upande unakotokea upepo, na uache urudishe.

Upepo unaharibu pia kuachia, na hili halisemwi sana. Ile sekunde moja mpira ukiwa hewani na kwenye mdundo inatosha kuusogeza nje ya duara. Siku za upepo achia kutoka kiunoni badala ya kifuani. Mdundo utakuwa mfupi, kwa hiyo piga magoti kidogo uufuate chini. Mkibadilishana pande, tenga mipira miwili ya kujaribu kabla ya kuanza kuhesabu.

Mtoto na anayeanza kabisa

Mtoto wa skuli ya msingi usimtengee kwa raketi kutoka ng'ambo ya neti. Simama upande wake, mita tatu au nne mbele yake na pembeni kidogo, umrushie kwa mkono kutoka chini, mpira udunde mara moja na umfikie kiunoni kwake, si kiunoni kwako. Mpira wa njano wa kawaida humpanda mpaka usoni. Mipira ya mafunzo iko ya aina tatu: yenye alama nyekundu ni ya pole kwa asilimia 75 kuliko ya kawaida, ya rangi ya chungwa kwa asilimia 50, na ya kijani kwa asilimia 25. Ya nyekundu huchezewa kwenye uwanja mdogo wa urefu wa mita 11 hivi, neti ya sentimita 80. Kamba iliyofungwa baina ya viti viwili inafanya kazi hiyo bila tatizo.

Mtu mzima anayeanza anaweza kutengewa kwa raketi, lakini wewe usimame kwenye mstari wa sevu, yeye kwenye mstari wa nyuma. Mtengee forihendi 10 mfululizo, mahali pale pale, ndipo umpe bekihendi, yaani pigo la upande wa pili wa mwili. Kumchanganyia pande ni mazoezi ya baadaye.

Usichanganye mipira

Hapa hatuna maafikiano ya kati. Ndoo yenye mipira mipya mitatu, ya mwezi uliopita kumi na mifu ishirini haiwezi kutoa utengaji ulio sawa, hata ukiwa na mkono wa namna gani. Ule duara wa sahani na ule mdundo wa katikati ya paja vinategemea mpira unaodunda vilevile kila mara.

Mpira wa kopo una hewa iliyoshindiliwa ndani. Kopo likishafunguliwa hewa huanza kuvuja, na wiki chache baadaye mpira umelegea hata kama manyoya yake bado mazuri. Ule usio na hewa ya kushindilia unadumu muda mrefu zaidi, na kwa ndoo ya mazoezi ndio wa kununua ukiupata. Kupima, shika mmoja mpya na mmoja wa zamani usawa wa bega, uiachie pamoja. Unaopungukiwa na upana wa kiganja au zaidi, weka kwenye ndoo nyingine. Hautupwi: mifu ni mizuri kwa zoezi la kuachia kwenye duara, kwa watoto, na kwa mapigishano ya mistari ya sevu. Muhimu ni kwamba ndoo moja iwe na mipira ya hali moja.

Wakati wa masika manyoya hunyonya maji, mpira unakuwa mzito na kila unachotenga kinaanguka kwenye neti. Saruji iliyoota ukungu wa kijani nayo haichezewi, mguu hauna pa kushika. Mipira iliyolowa itandaze kivulini penye upepo, si juani kwenye kioo cha gari, halafu ikung'ute mchanga kabla ya kuirudisha ndooni. Ihesabu hapo hapo, mapema, kabla ya Magharibi. Giza letu linaingia haraka, na jua likishazama, mpira wa njano kwenye majani hauchukui muda kupotea machoni.